Wastani wa magunia ya dagaa: kwa nini jibu ni A na si C?

MtoMalagarasi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma, najiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi shule za biashara. Hesabu za kawaida sina shida nazo, ila yale maswali ya "taarifa zinatosha au hazitoshi" yananitoa jasho, hasa yakiingia wastani. Hili nimelivalisha mazingira ya kwetu:

Kibirizi kuna magunia madogo ya dagaa, wastani kilo 20, na makubwa, wastani kilo 26. Wastani wa magunia yote ni kilo ngapi?
(1) Idadi ya madogo ni mara mbili ya makubwa.
(2) Magunia yote ni 36.

Mimi nasema C, zote mbili zinahitajika. Bila idadi utagawanya kwa ngapi? Majibu yanasema A, yaani (1) peke yake inatosha. Naombeni msaada.

Mwl_Ujiji: Kijana, chukua madogo mawili na kubwa moja. 20 + 20 + 26 = 66, gawa kwa 3, ni 22. Sasa chukua madogo 24 na makubwa 12: 480 + 312 = 792, gawa kwa 36. Bado 22! Idadi inajikata juu na chini. Wastani wa makundi mawili unataka uwiano tu. Hiyo (2) peke yake haikuambii madogo ni mangapi.

Kachumbari: Gunia la dagaa kilo 26? Hao hawajakauka 😂

BintiKasulu: Mwalimu kamaliza. Jihadhari pia na maswali ya ndiyo/hapana. Mfano: "Je, wastani unazidi kilo 24?" halafu unapewa tu kwamba madogo ni mengi kuliko makubwa. Yangekuwa sawa kwa sawa, wastani ungekuwa 23. Madogo yakizidi, unashuka chini ya hapo. Jibu ni hapana, na hapana ya uhakika nayo INATOSHA. Wengi huanguka hapo. Na usikokotoe hadi mwisho, siku hizi haya yapo sehemu ya Data Insights, maswali 20 kwa dakika 45.

MtoMalagarasi: Asanteni sana. Shikamoo mwalimu. Je, swali lingeuliza jumla ya kilo zote?

Mwl_Ujiji: Marahaba. Hapo sasa C yako ni sahihi. Uwiano bila ile 36 haukufikishi kwenye 792.