Mfuko umeandikwa protini 40%, sato wangu miezi miwili bado saizi ya kidole!

Wakuu, leo naandika na hasira, mnivumilie.

Nina bwawa Magu. Nilipandikiza vifaranga 3,000 vya sato, madume watupu, gramu moja moja. Duka la pembejeo mjini wakaniuzia chakula cha vifaranga, protini 40. Bei ya kutoa machozi. Sikubisha, kwa sababu sato mchanga hana utani: hadi afike gramu 10 hivi anataka protini 40 hivi. Akipita hapo ndiyo unaanza kushusha, 35 hadi 30. Umri ule anajenga nyama tu, sasa nyama ataitoa wapi, kwenye pumba?

Juzi nimevuta wavu. Vichwa vikubwa, viwiliwili kama njiti! Nimepima kumi kwenye mzani wa jikoni: gramu 6, 9, mmoja kajitahidi 11. Wa jirani, tuliochukua naye siku moja, trei moja, wanacheza kwenye 35.

Nampigia muuzaji, ananiambia "kaka, maji yako hayo". Maji gani? Jirani tunachota mfereji mmoja! Na alfajiri samaki wangu hawapandi juu kuhema hata siku moja.

Nikapeleka sampuli ya chakula maabara kwa hela yangu. Majibu: protini 23. ISHIRINI NA TATU. Pumba ya mahindi yenyewe ina kama 10, ongeza mashudu kidogo na dagaa waliojaa mchanga, umefika hapo bila jasho.

Na hata hiyo 23 naitilia shaka. Maabara hawapimi protini yenyewe, wanapima naitrojeni wanazidisha kwa 6.25, basi. Mtu akitia urea, mbolea yenye naitrojeni, kipimo kinapanda vilevile. Samaki ndiye hadanganyiki, yeye anataka laisini na methionini, vijenzi vya protini, na hizo ziko kwenye dagaa, siyo kwenye maandishi ya mfuko.

Nimetenga 200 kwenye hapa (kizimba cha wavu ndani ya bwawa lilelile), nawapa chakula cha jirani. Wiki ya tatu hii, wamewaacha wenzao mbali. Maji yaleyale!

Leo asubuhi muuzaji kanitumia ujumbe: niende nichukue mfuko mmoja wa fidia. Wa chakula kilekile.

Aliyewahi kurudishiwa hela kwa majibu ya maabara aje hapa aseme alipitia wapi. Mifuko minne bado ninayo, sijaifungua.