Gitaa langu la mgrivea limepasuka uso na noti zinapanda, wazoefu wa mbao naombeni ushauri

Mlinda Moto
Kamwene wakuu. Niende moja kwa moja maana simu naichajia kwa jirani.

Niko porini huku Mufindi, nalinda shamba la miti la mjomba. Kuanzia Agosti mpaka mvua zianze kazi ni moja tu, kuangalia moshi. Ukiuona unapiga simu na kukimbia na matawi, usipouona unakaa. Nimekaa mpaka nikachoka kukaa, ndipo nikaamua kutengeneza gitaa. Gitaa kamili la nyuzi sita, si lile la galoni tulilochezea utotoni.

Vifaa nilivyo navyo ni panga, tezo ya kuazima, patasi mbili, msumeno wa mkono, randa ndogo na futi ya kamba. Mwili nimeuchimba kwenye gogo la mgrivea lililoangushwa na upepo mpakani mwa shamba. Nimelikomba kama mzinga wa nyuki mpaka ukuta umebaki unene wa kidole cha mwisho. Shingo ni mlingoti mkavu niliochomoa kwenye paa la banda la zamani. Uso, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, ni paini niliyopasua mwenyewe nikaianika juu ya moto wiki mbili, kwa ndani nimegundisha mbavu, yaani vijiti vya kuukaza. Freti, vile vijiti vya shingoni unapobonyeza, ni spoki za baiskeli, nyuzi ni waya za breki nilizofumua, gundi ni ile nyeupe ya dukani.

Siku nilipokaza nyuzi liliimba, mjomba akacheka kwa furaha. Siku ya nne naamka nakuta uso una ufa kuanzia kwenye tundu mpaka chini ya briji, kile kipande cha tumboni kinachoshika nyuzi, ufa unaoingia ukucha. Hapo penye briji pamefura kama andazi.

Na hata kabla ya ufa noti hazikuwa sawa. Nyuzi zikiwa wazi zinakubaliana kabisa na gitaa la kanisani. Nikianza kubonyeza, kadiri mkono unavyokaribia tumbo la gitaa ndivyo sauti inavyozidi kupanda kuliko inavyotakiwa. Freti nilizipima kwa gitaa hilohilo la kanisani, nililaza karatasi nikachora kila mstari, kwa hiyo sidhani kosa liko hapo.

Naombeni ushauri: nizibe ufa au nivunje uso nianze upya? Na mti gani wa huku kwetu unafaa? Kuna jamaa kaniambia bila mpingo nisahau. Halafu mikono inaniwasha tangu nianze kukomba lile gogo, sijui ni viwavi.

Napita Tu
Mkuu magitaa ya Mchina yamejaa madukani. Uza miti miwili ya mjomba umalize hili suala.

Mlinda Moto
Ningetaka la kununua nisingemaliza chaji kuandika yote hayo.

Randa Kali
Dogo, hongera kwanza. Mimi ni seremala, niko Iringa mjini, magitaa nimetengeneza manne na la kwanza liliishia jikoni kwa mama watoto, likapika maharage. Usikate tamaa.

Nianze na mikono. Hao si viwavi, ni mgrivea wenyewe. Mti ule una kitu kinachochokoza ngozi, wengine wanatoka malengelenge. Vaa mikono mirefu, funga kitambaa puani ukipiga msasa, na usijifute jasho usoni kwa mkono wenye vumbi lake. Kwa kazi ya mwili na mgongo lakini ni mti mzuri, kwao Australia mafundi wa magitaa wanautumia.

Mpingo muache huko Lindi na Kilwa. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, watu wanautengenezea klarineti na ubao wa kubonyezea vidole. Ukiuweka usoni utapata gitaa bubu. Uso unataka mti mwepesi na mkakamavu kwa wakati mmoja, ndiyo maana Wazungu wanatumia jamii ya misonobari. Jamii hiyo umeizunguka hapo ulipo, kwa hiyo paini si dhambi. Dhambi ni jinsi ulivyoichagua na ulivyoikausha.

Ubao mbichi ukikauka unasinyaa kwa upana, kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Wewe umegundisha mbavu kwa ndani, zimekatiza upana wa uso. Ubao unataka kusinyaa, mbavu zinaukatalia, lazima upasuke mahali. Na kuuanika juu ya moto kumekausha ngozi ya nje tu, ndani bado kulikuwa na maji.

Uso wako una unene gani? Na ukiutazama kichwani mwa ubao, ile mistari ya pete za ukuaji wa mti imesimama au imelala?

Mlinda Moto
Kaka unene ni kama milimita 6, niliogopa kuupunguza. Mistari imelala, imejikunja kama upinde.

Randa Kali
Basi tumeshamjua mchawi. Mistari inatakiwa isimame wima kama meno ya kitana. Ubao wa namna hiyo unapatikana ukipasua gogo kama unavyokata keki, kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Pasua kwa shoka na kabari, usikimbilie msumeno, kabari inafuata uzi wa mti wenyewe, yaani mwelekeo wa nyuzinyuzi zake. Karibu na kiini achana napo, hapo mbao hupinda. Paini za huku zinakua haraka mno, pete zinakuwa pana, kwa hiyo tafuta mti mzee uliobanwa wenye pete za karibu karibu. Nenda Mafinga kwenye mashine za dingdong, zile ndogo za kupasulia mbao, ukaombe mabanzi, kuna vipande wanatupa ambavyo mimi navililia. Ukipata saiprasi chukua hiyo kabla ya paini. Haina ulimbo mwingi na inarandika vizuri. Wahispania magitaa yao ya flamenko wanayatengeneza ubavu na mgongo kwa saiprasi ya kwao.

Vipande viwili vya sentimita 20 kila kimoja unaviunganisha katikati. Ukikosa upana huo unganisha vinne, hakuna askari atakayekukamata. Randa mpaka milimita 3.

Mti Wima
Askari wapo lakini. Mlinda Moto, hilo gogo lilikuwa ndani ya shamba la mjomba kweli? Nauliza kwa sababu watu hudhani mti ulioanguka wenyewe ni wa bure. Kwenye msitu wa hifadhi hata ulioanguka una mwenyewe, bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, ni kosa. Msitu wa kijiji nao unaanzia kwa serikali ya kijiji. Na ukisafirisha mbao barabarani, hata za shamba lako, ulizia hati ya kusafirishia kwanza.

Mlinda Moto
Ni ndani ya shamba mkuu, mti aliupanda babu kukinga upepo. Mjomba alitaka kuuchoma mkaa.

Binti Tukuyu
Habari zenu. Mimi nafundisha kwaya, mbao sizijui ila hizo noti zinazopanda nadhani nimezielewa. Mlinda Moto naomba upime vitu viwili. Kutoka kwenye ule mfupa wa kichwani zinapopita nyuzi mpaka freti ya 12 ni milimita ngapi? Halafu kutoka freti ya 12 mpaka briji ni ngapi?

Mlinda Moto
Dada nimepima mara mbili. Ya kwanza 325. Ya pili 285.

Binti Tukuyu
Ndilo tatizo lako lote hilo. Freti ya 12 ni nusu ya uzi, basi. Huku na huku lazima pawe sawa. Gitaa la kanisani lina uzi wa milimita 650, nusu yake 325, ukanakili vizuri kabisa. Halafu briji ulibandika wapi?

Mlinda Moto
Nilibandika ilipokaa vizuri kwa macho.

Napita Tu
😂😂 nilipita tu lakini sasa nimekaa.

Binti Tukuyu
Msimcheke, wengi wanaanzia hapo. Uzi wako una 610 lakini freti ni za uzi wa 650. Ni kama kuvaa suruali ya mtu mrefu, magoti hayakai kwenye magoti.

Njia rahisi ni kurudisha briji nyuma milimita 40, kama tumbo lina nafasi. Ongeza 2 au 3 juu ya hapo, maana ukibonyeza uzi unauvuta kidogo na sauti inapanda, hasa nyuzi nene. Usigundishe kwanza. Iweke huru, kaza uzi mmoja, gusa bila kubonyeza juu ya freti ya 12 utoe ile sauti nyembamba kama kengele, kisha bonyeza palepale. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza briji nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Zikilingana weka alama ya penseli.

Siku ukitaka kutengeneza lenye urefu wako mwenyewe huhitaji gitaa la kanisani. Chukua urefu wa uzi gawanya kwa 17.817. Kwa 650 unapata 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki, 613.5, gawanya tena kwa namba ileile, unapata 34.4, hiyo ni nafasi kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo. Ukifika ya 12 na hujaangukia 325 au karibu sana, kuna mahali umekosea, rudi nyuma.

Mzee wa Kalenga
Vijana hamjambo. Nimesoma nikatabasamu. Huyu mtoto kuchimba gogo badala ya kupinda ubavu mnamwona mshamba, lakini sisi Wahehe ligombo letu, ala ya nyuzi, linatoka kwenye mti uliochimbwa kama hori dogo, uzi unapita juu kwenda na kurudi. Marehemu baba alikuwa nalo. Akitaka mti wa ligombo alikuwa anaugonga kwa kifundo cha kidole huku kaushikilia kwa vidole viwili juu. Ukijibu "ndu" anauacha, ukijibu "ngaa" anaubeba.

Mbao alizipandisha darini, si juu ya mafiga, pembeni ambako joto linafika limechoka. Kila ubao na vijiti chini yake hewa ipite. Vichwa vya mbao alivipaka nta, maana maji hukimbilia kutokea kichwani na hapo ndipo nyufa huanza. Alingoja msimu mzima wa kiangazi, na huko kwenu Mufindi kwenye ukungu pengine ungoje zaidi.

Mlinda Moto
Shikamoo mzee. Sasa nitajuaje kwamba umekauka?

Randa Kali
Mzee kamaliza. Kujua, tafuta mizani ya duka. Pima ubao kila Jumapili andika kwa penseli juu yake. Ukiona wiki tatu uzito haushuki, umefika. Vibao vyembamba vya milimita 5 havichukui muda kama gogo, kwa hiyo pasua kwanza ndipo uanike.

Nyongeza ya gundi: hiyo nyeupe inafaa kwa kiti na meza, ila ikivutwa muda mrefu kwenye joto inateleza polepole. Pika vipande vya ngozi mbichi ya ng'ombe kwa moto mdogo taratibu mpaka upate ute, chuja, kausha. Ukitaka kutumia pasha sufuria ndani ya sufuria ya maji, joto ambalo kidole kinakimbia, kama nyuzi joto 60. Isichemke, ikichemka imekufa.

Mzee wa Kalenga
Na inanuka kijana, mwambie ukweli. Asipikie ndani ya kibanda anacholala.

Mvuvi wa Matema
Ugonile. Mnamwachaje na waya za breki? Nyuzi sita za chuma zinavuta jumla kama kilo 70, ni sawa na kumning'iniza mtu mzima kwenye briji. Za nailoni zinavuta kama 40. Huku Ziwa Nyasa tunatumia nailoni ya kuvulia. Uzi wa kwanza tafuta milimita 0.7, wa pili 0.8, wa tatu 1. Zile tatu nene nunua za duka, nailoni tupu ya unene huo inalia kama kamba ya kuanikia nguo. Na si ushamba, hata za dukani zilianza miaka ya 1940 kwa Albert Augustine wa New York, kabla ya hapo walikuwa wanatumia utumbo wa wanyama.

Randa Kali
Huyu Mnyakyusa kaokoa jahazi. Dogo, kwa nailoni huo uso uliopasuka unaweza kuishi. Ubane ufa taratibu, usilazimishe. Kwa ndani gundisha viraka vidogo vya paini, ukubwa wa stempu, uzi wa mbao ya kiraka ukatize ufa. Litumie hilo kujifunzia huku saiprasi inakauka. Usilie na mwili wala shingo. Antonio de Torres wa Hispania mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye ubavu na mgongo wa karatasi ngumu, uso tu ndio wa mbao nzuri, kuonyesha sauti inatoka wapi. Nguvu zako weka usoni.

Mlinda Moto
Ndaga na kamwene kwa wote. Nimepotea wiki mbili, tulikuwa na moto upande wa bondeni, watu walichoma vinyungu, zile bustani za bondeni, ukawatoroka. Umezimwa.

Mrejesho. Briji nimeing'oa kwa kisu cha moto, ikatoka na kipande cha uso, nikakirudishia. Nimeirudisha nyuma, sasa freti ya 12 na ile kengele zinalingana nyuzi zote isipokuwa wa tano, unapanda kidogo. Viraka vinne viko ndani, mkono uliingia kwa shida kwenye tundu na nimebaki na gundi kwenye vinyweleo. Nailoni nimeagiza kwa dereva wa fuso anayeshuka Kyela.

Mafinga nimepata mabanzi ya saiprasi mazito kama mbao, bure, nikabeba kwa bodaboda. Nimeyapasua, yako darini kwa mama, vichwa nimepaka nta. Kubwa leo gramu 940. Jumapili iliyopita lilikuwa 1,015.

Swali dogo: uzi wa tano nitoboe mfupa wa briji urudi nyuma peke yake, au nilaze mfupa wote kwa mshazari?

Binti Tukuyu
Laza kwa mshazari, upande wa nyuzi nene uende nyuma milimita 2. Halafu upige hata pambio moja uturekodie.

Napita Tu
Na picha. Tunataka picha ya hilo andazi.