Sanamu ya mdudu Alabama: walitokaje kwenye pamba wakaingia kwenye karanga?

Mwana_Chunya
Wakuu habari za jioni. Binamu yangu anasoma Alabama, Marekani, katuma picha kwenye grupu la familia, mji unaitwa Enterprise, katikati ya barabara kuna sanamu ya mwanamke kanyoosha mikono juu kabeba mdudu mkubwa. Anasema ndo mdudu aliyewamalizia pamba na wenyewe wakamjengea mnara. Anayejua historia anieleweshe, mbegu za karanga walipata wapi na nani alinunua? Nauliza maana huku kwetu ni tumbaku tu, malipo yakichelewa kijiji kizima kinakopa dukani, na tukiambiwa tulime kingine swali la kwanza ni tutamuuzia nani.

Mwl_Uyole
Mnara upo, ulizinduliwa Desemba 1919. Yule ni fukusi wa pamba, ana mdomo mrefu, anatoboa tumba la ua anataga yai ndani, funza anakula humohumo na tumba linadondoka kabla halijawa pamba. Alivuka kutoka Mexico akaingia Texas miaka ya 1890, miaka ya 1910 akawa Alabama, na watu walikuwa hawana zao lingine la kuuza.

Swali lako la mbegu ndo lenyewe. Kuna mtu anaitwa H. M. Sessions, mwaka 1916 alimshawishi mkulima mmoja mwenye madeni, C. W. Baston, apande karanga. Yale mavuno wakulima wenzake waliyanunua ili wapate mbegu, madeni yakalipika, na 1917 kaunti yao ikawa inaongoza kwa karanga Marekani nzima. Kwaiyo soko la kwanza lilikuwa majirani zake. Halafu mdudu unayemuona kwenye picha aliongezwa 1949, mwanzoni mwanamke alisimama bila mdudu.

Dada_wa_Ilula
Kamwene! Mwalimu umeeleza vizuri ila usimsahau George Washington Carver. Huyu alizaliwa utumwani, 1896 akaenda kufundisha kilimo chuo cha Tuskegee, hukohuko Alabama, akakuta ardhi imechoka kwa pamba ya kila mwaka. Akawa anahimiza karanga na kunde kwa sababu vile vinundu vya kwenye mizizi vinarudisha naitrojeni ardhini. Kuanzia 1906 Tuskegee walikuwa na gari la kukokotwa na wanyama linabeba zana na mafunzo mpaka kwa mkulima, na 1916 akatoa kijitabu chenye njia 105 za kupika karanga. Siagi ya karanga wanamsingizia tu, haikuanza kwake. Na tuseme ukweli, weusi wengi kule walikuwa wanalima shamba la mtu wanagawana mavuno, hawakuwa na sauti ya kuchagua wapande nini, pamba ilipokufa wengi wakahamia miji ya kaskazini. Mnara hauwaonyeshi hao na mimi inaniuma.

Mzee_wa_Mwanjelwa
Vijana, hata huku kwetu kusini pamba ilipigwa marufuku kwa ajili ya mdudu, funza mwekundu, serikali iliogopa asisambae kwenda kanda ya ziwa. Na karanga siyo muujiza, Waingereza walianza mradi mkubwa Kongwa 1947, matrekta kwa matrekta, 1951 wakauacha, udongo mgumu na mvua kidogo.

Mimi nanunua karanga sokoni miaka mingi. Mwana_Chunya, kinachoua bei ni ukaushaji. Mtu anang'oa leo, keshokutwa kashajaza gunia na lumbesa juu, unavunja ganda unakuta kaunga ka kijani kwenye punje. Hapo sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inaweza kuwemo, na ukikaanga haiishi. Anika kwenye turubai siyo chini, shika ganda utikise, punje zikilia ndani ujue zinakauka.

Mwana_Chunya
Ndaga fijo wakuu, shikamoo mzee. Hilo la Baston kuwauzia wenzake mbegu limeniingia sana. Nafikiria nianze na robo eka pembeni ya tumbaku, kikundi chetu wachukue mbegu kwangu msimu unaofuata. Mbegu ya karanga aina ya Pendo kwa huku nitaipata wapi?

Mwl_Uyole
Pendo ilitoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara. Pita kwanza TARI Uyole uwaulize, na uende mapema kabla mvua hazijaanza.