Nimeacha nyama, mayai na maziwa, na sasa ninanyanyua vyuma: nguvu zimekwama, nirekebishe wapi?

NguvuMpya

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina kilo 62, na huu ni mwezi wa saba tangu niache kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa. Uamuzi huo niliufanya kwa ajili ya wanyama na sina nia ya kuutengua, kwa hiyo naomba ushauri utakaonifaa nikiwa ndani yake.

Wiki sita zilizopita nilianza mazoezi ya nguvu nyumbani kwa dambeli za kilo 5 na za kilo 8. Nilijipangia siku tano kwa wiki, leo mikono, kesho miguu, keshokutwa mgongo, kama nilivyoona kwenye video. Wiki tatu za kwanza nilifurahi mno, maana uzito ulionitetemesha siku ya kwanza ulianza kuwa mwepesi mkononi. Baada ya hapo mambo yamesimama. Ninalala nimechoka na kuamka nimechoka, nimepungua kilo 2 ambazo sikukusudia kuzipunguza, na juzi nilipokuwa nikipanda ngazi na ndoo ya maji magoti yalinitetemeka hadi nikaiweka chini.

Mtu mmoja ameniambia kwamba misuli haijengeki bila nyama. Mwingine amesema protini ya maharage inapotea bure usipoila pamoja na nafaka kwenye sahani ileile. Je, kuna ukweli wowote katika hayo? Na je, tatizo langu ni chakula, ni mazoezi, au ni vyote viwili?

ChumaPolepole

Dada NguvuMpya, karibu sana. Ninakula mimea pekee kwa mwaka wa tisa sasa, na muda wote huo nimekuwa nikinyanyua vyuma, kwa hiyo niruhusu nianze na chakula, kwa sababu kilo 2 ulizopungua bila kukusudia zinaeleza mengi kuliko unavyodhani.

Kwamba misuli haijengeki bila nyama si kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Brazili walichapisha matokeo ya vijana 38 wa kiume ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi ya nguvu, 19 wakila mimea pekee na 19 wakila vyakula vya kila aina. Wote walifikishiwa gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, baadhi ikitokana na unga wa protini, wakafanya mazoezi ya miguu mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Mwishoni misuli na nguvu viliongezeka katika makundi yote mawili bila tofauti ya maana. Walikuwa vijana wa kiume na hawakuwa wengi, kwa hiyo sitaki kuukuza utafiti huo kupita kiasi, lakini unajibu swali lako moja kwa moja: kwa anayeanza, kinachoangaliwa ni kiasi cha protini anachokipata kwa siku nzima.

Sasa tupige hesabu yako. Kilo 62 mara 1.6 ni takriban gramu 99. Wengi wetu tunaoacha nyama hujaza sahani kwa majani na matunda, tumbo linajaa kwa sababu ya nyuzinyuzi, na tunainuka mezani tukiamini tumekula vya kutosha. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nikila bakuli kubwa la mboga na viazi mara tatu kwa siku, na kila mwezi mkanda wangu ulikuwa ukiingia tundu jingine. Nilipokaa chini na mizani ya jikoni nikagundua kwamba sikuwa nikifikisha hata gramu 50.

Siku ya kufikia gramu 99 inaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa oti gramu 80 uliopikwa kwa maziwa ya soya mililita 300, na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, unakupa karibu gramu 27. Mchana, maharage yaliyopikwa gramu 300 pamoja na wali, karibu gramu 31. Jioni, tofu ngumu gramu 200 na mboga pamoja na mkate, karibu gramu 33. Ongeza konzi moja ya karanga katikati ya siku na hesabu imetimia. Ukitazama vizuri utaona kwamba kila mlo umejengwa juu ya jamii ya kunde, na mboga zimekuja baadaye. Hilo ndilo badiliko kubwa la fikra: kunde iwe mlo wenyewe, isiwe kitoweo cha pembeni. Usiku kabla ya kulala loweka maharage au choroko, asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Gesi tumboni hupungua, na tumbo lenyewe huzoea baada ya wiki chache ukiongeza kiasi kidogokidogo.

Pamoja na protini, ongeza chakula kwa jumla. Mwili unaopungua uzito bila mpango hauna akiba ya kujengea misuli, na baadhi ya protini unayoila huishia kuchomwa kama kuni. Usiogope wanga na mafuta. Wali, viazi, mkate, parachichi na karanga ndivyo vitakavyokuondolea huo uchovu wa asubuhi, iwapo uchovu huo unatokana na kula kidogo.

KochaWaJioni

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu chakula, ila mimi nitasema juu ya mazoezi, kwa kuwa nimewafundisha waanzaji kwa miaka mingi na kosa la siku tano ninaliona kila mara.

Mabadiliko ya haraka uliyoyaona wiki tatu za kwanza yalikuwa ya kweli, lakini kwa sehemu kubwa hayakuwa misuli mipya. Mishipa ya fahamu ilikuwa ikijifunza kuiita misuli uliyokuwa nayo tayari ifanye kazi kwa pamoja. Hatua hiyo ni ya haraka na inamfurahisha kila mtu. Inayofuata, ya misuli kukua, ni ya polepole na inahitaji chakula, usingizi na uzito unaoongezeka kwa utaratibu. Watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani mwili umegoma, kumbe umeingia katika kazi ndefu zaidi.

Punguza siku ziwe tatu, zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kila siku fanyia kazi mwili mzima. Unahitaji harakati tano tu: skwati (kuchuchumaa na kusimama), kusukuma (pushapu, ukiegemeza mikono juu ya meza imara kama sakafuni hujaweza), kuvuta dambeli kuelekea kiunoni ukiwa umeinama, kuinama kwa kukunja nyonga na kunyanyuka ukiwa umeshika uzito, na kusukuma dambeli juu ya kichwa. Kila harakati seti tatu (seti ni mfululizo wa marudio bila kupumzika) za marudio 8 hadi 12, na kati ya seti pumzika dakika mbili kamili. Simamisha seti pale unapohisi kwamba ungeweza kurudia mara mbili zaidi kwa umbo zuri, wala usisubiri mwili ushindwe kabisa.

Kuhusu skwati, nikueleze kwa undani, kwa sababu hayo magoti yaliyotetemeka kwenye ngazi yananihusu. Chukua kiti kisichoteleza, simama mbele yake, miguu ikiwa na upana wa mabega na vidole vikielekea nje kidogo. Shika dambeli moja wima kifuani kwa mikono miwili. Vuta pumzi, kaza tumbo kana kwamba mtu anataka kukusukuma, kisha rudisha makalio nyuma na ushuke kwa kuhesabu hadi tatu mpaka uguse kiti bila kukikalia. Kisigino kikinyanyuka kutoka sakafuni, uzito wako umeenda mbele mno. Magoti yakikutana ndani, punguza uzito na uyasukume yafuate mwelekeo wa vidole. Rudi juu ukitoa pumzi. Ukifanya seti tatu za marudio 12 namna hii bila kuvunja umbo, ndipo uongeze kilo moja au mbili, au kama huna dambeli za katikati, shuka kwa hesabu ya tano kabla ya kuhamia kilo 8.

Nunua daftari. Andika tarehe, harakati, uzito na marudio ya kila seti. Wazo la kuongeza mzigo kwa hatua lilipewa utaratibu wa kitabibu na daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyeandika mwaka 1945 juu ya kuwarejeshea nguvu askari majeruhi, na msingi wake haujabadilika: huwezi kuongeza kitu usichokijua kilikuwa kiasi gani wiki iliyopita. Ninaowafundisha wanaoandika huendelea. Wasioandika hunyanyua uzito uleule mwaka mzima.

Maumivu ya misuli yanayozidi siku ya pili yake ni ya kawaida kwa anayeanza. Maumivu makali ndani ya kiungo si ya kawaida, na ukiyapata simama. Kwenye chakula niongeze neno moja tu: nafikiri yule aliyekuambia uchanganye maharage na nafaka hakukosea.

MlaMimea

Kocha, kwa heshima zote, hapo pa mwisho panahitaji kurekebishwa kidogo. Ni kweli kwamba nafaka zina upungufu wa lisini na kunde zina upungufu wa methionini, zote mbili zikiwa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na ni kweli kwamba nafaka na kunde zinakamilishana. Lakini mwili una hifadhi ya asidi amino inayotumika saa hadi saa, kwa hiyo wali wa mchana na maharage ya jioni vinakamilishana vizuri. Soya, tena, ina asidi amino zote tisa muhimu kwa kiwango kizuri. Dada yetu ale vyote viwili ndani ya siku na asiihangaikie sahani moja.

Lakini kilichonifanya niandike ni neno uchovu, na kwamba katika maelezo yote hadi sasa hakuna aliyetaja vitamini B12. Dada NguvuMpya, je, unaitumia? Kama jibu ni hapana, hilo liende mbele ya dambeli na mbele ya hesabu ya protini.

B12 hutengenezwa na bakteria, na mimea haitupatii kwa namna ya kutegemewa. Ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu hujiona mzima na kudhani ameponea. Mimi katika mwaka wa tatu nilianza kuhisi ganzi kwenye vidole vya miguu, kana kwamba nimevaa soksi wakati sijavaa. Muuzaji mmoja alikuwa ameniuzia unga wa spirulina, aina ya mwani, akiniapia kwamba unatosha, nami nikamwamini. Spirulina ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Ilinichukua miezi mingi ya matibabu ganzi kuondoka, na nilikuwa na bahati, kwa sababu mishipa ya fahamu ikiharibika kwa muda mrefu huenda isirudi. Tena sisi tunaokula majani na kunde kwa wingi hupata folati (vitamini B9) nyingi, na folati inaweza kuficha upungufu wa damu huku mishipa ikiendelea kuumia chini kwa chini.

Mahitaji ya mtu mzima, kwa mwongozo wa Marekani, ni mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini vidonge vina mikrogramu nyingi zaidi na hilo lisikutishe. Njia maalumu ya mwili ya kuifyonza hujaa kwa karibu mikrogramu 2 kwa mara moja, na kinachozidi huingia kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Ndiyo maana kidonge cha kila siku kiwe na angalau mikrogramu 50, au kile cha mara moja kwa wiki kiwe na 2,000.

La pili ni chuma, kwa maana ya madini. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku wakati mwanamume anahitaji 8, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida zaidi. Kamulia limau kwenye maharage au kula chungwa pamoja nayo, na chai au kahawa uisogeze mpaka saa moja baada ya mlo. Usinunue vidonge vya chuma kwa kubahatisha, kwani chuma kikizidi kinadhuru. Nenda upimwe damu, uombe kiwango cha feritini (kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini) na cha B12 pamoja na wingi wa damu, na umwambie daktari waziwazi unachokula.

Kreatini, kirutubisho kinachosaidia misuli kupata nishati ya haraka, nayo inafaa, ingawa si ya lazima. Wasiokula nyama huwa na kreatini kidogo zaidi kwenye misuli, na ile inayouzwa kwa kawaida hutengenezwa kiwandani bila mnyama. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

NguvuMpya

Nawashukuru sana, wote watatu. Nimepima chakula cha jana kwa mizani na nimepata gramu 46 za protini, yaani chini ya nusu ya ninachohitaji, na hiyo ilikuwa siku niliyodhani nimekula vizuri. B12 sikuwa naitumia. Nimenunua leo asubuhi, na Alhamisi naenda kupimwa damu. Chai nimekuwa nikinywa na kila mlo tangu utotoni.

Nina swali moja lililobaki. Je, nikisubiri majibu ya vipimo niache mazoezi, au niendelee?

KochaWaJioni

MlaMimea, nimejifunza, ahsante.

Dada, usiache, lakini wiki hii fanya nusu. Siku mbili, harakati zilezile tano, seti mbili badala ya tatu, kwa dambeli za kilo 5 hata kama unaweza za kilo 8. Ukihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, au pumzi kukuishia kwa kazi ndogo, acha kabisa na usingoje Alhamisi. Kama hakuna hayo, kula, lala saa nane, na uandike kwenye daftari uzito wako wa asubuhi pamoja na marudio. Majibu yakitoka yalete hapa tupange wiki inayofuata.

MlaMimea

Na siku ya vipimo mweleze daktari kwamba umeanza B12, na tarehe uliyoanza, kwa sababu kidonge hupandisha kipimo cha damu mapema na kinaweza kumpotosha. Kreatini isubiri hadi baada ya vipimo, maana nayo hupandisha kreatinini, kitu kinachopimwa kwenye damu kuangalia figo, na mtu asiyejua anaweza kudhani figo zako zina tatizo.