Msaada wakuu: nina mafaili kibao kuhusu Mpango wa Karanga ila tasnifu haianzi

Binti wa Nachi

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa tatu, nasoma historia, na mwisho wa semista hii tunakabidhi tasnifu, kama kurasa 40 hivi. Kichwa nilichompelekea supavaiza ni "Sababu za kushindwa kwa Mpango wa Karanga Tanganyika, 1946–1951". Ni ule mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga za mafuta ya kula wakati wa ukoloni. Kwetu Nachingwea, kusini, na mradi ulifika huko, kwa hiyo haya mambo nimeyasikia tangu nikiwa mdogo, mpaka leo watu wanataja Farm 17, moja ya mashamba yake, kama jina la sehemu tu la kawaida. Sasa nimepakua vitabu, makala, ripoti, laptopu imejaa, kila siku nasoma na kupigia mistari ya rangi, ila nikifungua ukurasa niandike haiji hata sentensi moja. Na kila nikimaliza makala moja naona imetaja nyingine tatu ambazo sina. Supavaiza ananiambia "punguza upana" halafu basi, haongezi neno.

Naombeni mnielekeze, mtu anaanzia wapi mpaka afike rasimu ya mwisho? Na je, nimalize kusoma kwanza ndio niandike?

---

mpekuzi_nyaraka

Pole mdogo wangu. Supavaiza wako yuko sahihi ila hajakuonyesha upunguze wapi, ngoja nijaribu.

Hicho ulichonacho ni mada, bado sio swali. "Sababu za kushindwa" watu wameshaziandika tangu 1950 na zinajulikana: udongo wa Kongwa unakuwa mgumu kama saruji kiangazi kikiingia, mvua haziaminiki, mashine zilikuwa mitumba ya vita mpaka vifaru vikageuzwa matrekta, hakukufanyika majaribio ya maana kabla ya kuanza. Malengo ya 1947 yalikuwa ekari 150,000 wakaambulia kama 7,500. Ukiandika kurasa 40 za hayo utakuwa unarudia wenzako na wewe mwenyewe utachoka kabla ya ukurasa wa 10, nadhani ndio maana sentensi haiji.

Sasa angalia ulichokiandika hapo juu bila kujua. Wewe ni wa Nachingwea. Vitabu vingi vinaganda Kongwa kwa sababu ndiko walikoanza, na walianza kule kwa kuwa Reli ya Kati iko jirani, lakini kwenye mpango wenyewe sehemu kubwa ya mashamba ya Tanganyika ilikuwa iwe kusini. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu, ikabidi vijengwe, ndio ikaja reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya Mtwara iliyokamilika 1954, yaani mpango wa karanga umeshafutwa tayari tangu Januari 1951! Bandari inakamilika na mzigo iliyojengewa haupo. Halafu reli yenyewe ikafungwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Hapo kuna swali. Kwa mfano: mradi ulipofutwa, wakazi wa Nachingwea walibaki na nini na walikitumiaje, 1951 mpaka 1962 tuseme. Au vibarua walitoka wapi na baada ya hapo walienda wapi. Chagua moja tu, liandike kwenye karatasi libandike ukutani, na kila faili ulilopakua uliulize: wewe unanisaidia kujibu hili? Kama halisaidii liweke kwenye folda nyingine, usilifute ila usilisome sasa hivi. Utashangaa mzigo utakavyopungua.

---

Ticha wa Kusini

Naunga mkono mkuu hapo juu. Mimi niongelee hiyo mistari ya rangi kwa sababu naiona kwa wanafunzi wangu wengi na inaniuma. Kupigia mstari kunakupa hisia kwamba umefanya kazi lakini baada ya wiki mbili ukirudi unakuta ukurasa mzima ni wa njano na hujui ulitaka nini.

Fungua jedwali, hata kwenye daftari la kawaida la kaunta sawa tu, weka safu nne. Ya kwanza chanzo na ukurasa, ya pili kinasema nini KWA MANENO YAKO, ya tatu kinajibu kipengele gani cha swali lako, ya nne wewe una maoni gani au wasiwasi gani. Mfano halisi, uko kwenye waraka wa serikali ya Uingereza wa 1947 uliotangaza mpango. Safu ya pili unaandika: vipande 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), 10 Kenya. Safu ya tatu: ukubwa wa matarajio. Safu ya nne: hii ni karatasi ya kuombea fedha, inaonyesha walichotaka na sio kilichotokea, tafuta kilichotokea. Umeona? Hiyo safu ya nne ndiyo tasnifu yako, siku ya kuandika unachukua hizo ulizoandika upande wa kulia unazipanga, aya zinajitengeneza zenyewe karibu nusu.

Na namba za ukurasa andika palepale, usijiambie nitarudi. Ukienda Kumbukumbu za Taifa pale Upanga (nenda na barua ya chuo) andika na namba ya jalada, maana kusafiri tena toka kusini mpaka Dar kisa namba ya jalada ni maumivu, na bumu lenyewe (mkopo wa chuo) mnalijua. Kabla hujatumia nauli lakini, Hansadi za bunge la Uingereza ziko bure mtandaoni, mijadala yote ile waziri wa chakula John Strachey akibanwa na wapinzani kuhusu karanga unaisoma ukiwa kitandani. Na ukipata Mambo Leo za miaka hiyo zitafute kwa sababu ni Kiswahili cha wakati ule, ila kumbuka lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni kwa hiyo usichukue kila kitu kama kilivyo.

---

kalamu_nyeusi

Nijibu lile swali la mwisho maana limerukwa. HAPANA, usimalize kusoma ndio uandike. Anza kuandika wiki hii hii.

Kusoma hakuishi dada. Anayesubiri amalize anaandika wiki ya mwisho usiku na kazi inaonekana. Ukiandika mapema, hata kurasa tatu mbaya, ndipo unaona una pengo wapi, unagundua kumbe una makala kumi kuhusu udongo wa Kongwa na huna hata moja inayosema watu wa Nachingwea walilipwaje ardhi yao au kama walilipwa. Sasa unarudi kusoma ukijua unachotafuta, unasoma kurasa nne badala ya kitabu kizima.

Usianze na utangulizi. Utangulizi andika mwishoni, huwezi kumtangulizia mtu kitu ambacho bado hukijui. Anza na sehemu unayoiweza hata usingizini, kwako wewe nadhani ni reli na bandari.

---

mpekuzi_nyaraka

@kalamu_nyeusi nakubali kuandika mapema ila "wiki hii hii" bila mpangilio mimi siafiki. Nimeona vijana wanaandika kurasa 20 nzuri kabisa za kitu ambacho swali halikuuliza, halafu roho inauma kuzikata wanaziacha, tasnifu inakuwa na kichwa cha ng'ombe na miguu ya kuku. Aandike kwanza mpangilio wa ukurasa mmoja, kila sura sentensi moja tu inayodai kitu. Sio "Sura ya pili: ujenzi wa reli", hiyo haidai chochote. Iwe "reli ilijengwa kwa ajili ya karanga tu ndio maana karanga zilipoondoka haikupata mzigo wa kutosha". Sentensi kama hiyo unaweza kuipinga, unaweza kuitafutia ushahidi, na supavaiza anaweza kuisoma kwa dakika tano na kukujibu kitu cha maana kuliko "punguza upana". Ukimpelekea kurasa 20 atakaa nazo mwezi.

---

kalamu_nyeusi

Sawa mkuu hapo tumekutana, mpangilio wa ukurasa mmoja halafu aandike. Nilikuwa naogopa ule mpangilio wa kurasa sita wenye 2.1.3.4 ambao nao unageuka njia ya kukwepa kuandika.

---

Mama Naipanga

Wanangu mmesema vizuri ila mbona wazee hamjawataja? Mtoto yuko Nachingwea, ana kitu ambacho hakipo London wala Upanga.

Piga hesabu vizuri lakini. Aliyekuwa kibarua wa miaka 20 mwaka 1948 leo anakaribia 100, wengi wametangulia. Utakaowapata ni waliokuwa watoto wakati ule, au watoto wa vibarua, kwa hiyo uliza walichokiona wao na walichosimuliwa, na kwenye daftari uvitenganishe hivyo viwili. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", atakutajia mwaka wowote akuridhishe. Muulize reli ilikuwa bado ipo? Wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wameshafika kambini? Ulikuwa umeshaolewa? Kwa hayo unajipangia miaka mwenyewe. Na usimuulize "mradi ulishindwa kwa nini", muulize mshahara baba yako alinunulia nini, treni ilikuwa inapita saa ngapi, mahindi mlikuwa mnalima wapi kabla ya trekta kuja. Mzee akianza kueleza shamba lao lilianzia kwenye mti gani na kuishia wapi, nyamaza, usimkatishe urudi kwenye orodha yako ya maswali.

Taratibu ufuate, barua ya chuo, kisha wilayani, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji, usiingie nyumba ya mtu na simu ya kurekodi bila kuaga. Omba ruhusa ya kurekodi na muulize kama anapenda jina lake litokee. Na ukirudi nyumbani andika siku hiyohiyo kabla hujalala, sauti iliyorekodiwa haina sura ya mtu wala mkono ulivyokuwa unaonyesha.

---

Binti wa Nachi

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Mama Naipanga shikamoo, hilo la kutouliza mwaka nitalifuata kama lilivyo. Nimebadilisha swali, sasa ni: "Wakazi wa Nachingwea waliitumiaje miundombinu iliyoachwa na Mpango wa Karanga, 1951–1962?" Supavaiza kajibu "sawa, endelea", kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kuna wenzangu wananiambia niipe akili mnemba iniandikie sura ya kwanza kisha nirekebishe. Mnaonaje? Na hii ndio aya yangu ya kwanza ya sura ya usuli, naomba muipitie:

"Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Tanganyika ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ilianza chini ya United Africa Company, na mwaka 1948 ikachukuliwa na shirika la serikali. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya hasara ya pauni milioni 36."

---

Ticha wa Kusini

Hiyo ya akili mnemba achana nayo kwenye kuandika. Inatunga majina ya vitabu na kurasa ambazo hazipo, na ukiulizwa mbele ya jopo ukionyeshe hicho kitabu utaonyesha nini? Zaidi ya hapo wewe ndiye unayejua Farm 17 iko wapi, yenyewe haijui.

Aya yako ni nzuri, imenyooka, usiiongezee mapambo. Vitu viwili. Ekari 3,210,000 ni za mpango wote pamoja na Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ndio vile vipande 107. Za Tanganyika ni vipande 80, yaani ekari 2,400,000, rekebisha na uweke ukurasa wa waraka. La pili, hiyo milioni 36 ni deni ambalo serikali ya Uingereza ililifuta, kuna sehemu utakuta namba kubwa zaidi, kwa hiyo usiandike "hasara" tu, andika deni lililofutwa, na tanbihi ieleze unahesabu nini.

Halafu isome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hasomi historia. Pale atakapokuuliza "kwa nini shirika likabadilika?" ndipo panapohitaji sentensi moja zaidi. Ukishaandika sura ya reli iweke hapa tuione.