Farasi kaanza kuchechemea tena baada ya upasuaji, nimrudishe au nimchome sindano?

Banda la Kigamboni
Wakuu habarini. Nina farasi jike wa miaka 12, mguu wa nyuma kushoto, mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa kamera kwenye ala ya kano (ule mfuko wenye maji unaozifunika kano) hapo nyuma ya kifundo, ni kabla sijamleta Dar. Akakaa vizuri miezi kama 7, sasa pamevimba pande zote mbili kama nusu embe dogo, ukiminya huku maji yanahamia kule, na asubuhi akitoka bandani anagusisha ncha ya kwato tu. Nimfungue mara ya pili, nimchome steroidi, au nimwachie malishoni apumzike? Roho inaniuma kweli.

dokta_wa_pwani
Pole dada. Mara ya kwanza walikuta nini? Kama ilichanika manika, kile kipete cha kano ya juu (ya karibu na ngozi) kinachoizunguka kano ya chini (ya ndani zaidi), hicho hutolewa na wengi wanarudi kazini. Ikichanika kano ya chini yenyewe ni kazi ngumu zaidi, zile nyuzi zilizonyanyuka zinasafishwa ila kano hairudi kuwa mpya. Tafuta ripoti kwanza.

Banda la Kigamboni
Ninayo dokta. Manika ilitolewa yote.

Mzee Zizini
Binti yangu mi wangu nilimrudisha, wakakuta makovu yameshikanisha kano na ala, wakayakata, miezi mitatu tu yakashikana tena. Na nusu kaputi ya farasi usiichukulie kama ya mbwa, mnyama wa kilo 500 akiamka vibaya anavunja mguu palepale. Utafiti mkubwa wa 2002 ulikuta karibu 1 kati ya 100 wanakufa ndani ya siku 7, na hapo waliopasuliwa kwa maumivu ya tumbo wametolewa hesabuni. Mi nasema malishoni.

dokta_wa_pwani
Shikamoo mzee, hoja yako nzito, ila tusimkatie tamaa kabla hatujajua maumivu yanatoka wapi. Achomwe ganzi ndani ya ala, atembezwe, asipobadilika basi tatizo liko kwingine na upasuaji wa pili utakuwa bure. Akinyooka, apigwe ultrasaundi na eksirei yenye dawa ya kuonyesha picha ndani ya ala, maana ultrasaundi peke yake mipasuko midogo inaikosa. Steroidi inashusha uvimbe kweli, lakini kama kano ya chini imechanika utamfanya aikanyagie bila kusikia maumivu, hiyo mimi siikubali kabla ya vipimo.

Kijana wa Hatamu
Dada ulikuwa unamtembeza wapi? Kama ni mchanga mlaini wa ufukweni basi hata wakimfungua mara tatu, kwato inazama na kano zinavutika kila hatua. Tafuta ardhi ngumu, kwa kamba, dakika chache chache.

Banda la Kigamboni
Ufukweni kila siku, sikujua. Leo nimemzuia bandani, daktari anakuja Jumamosi na ganzi. Akinyooka ndo tutaongelea kamera, asiponyooka simpandishi pantoni kwenda popote.

Mzee Zizini
Marahaba dokta. Hapo sawa. Jumamosi mrekodi video akitembea kabla ya ganzi na baada, utuwekee hapa tuone.