Mliotumia soya kushusha kolesteroli, tupeane uzoefu

MwanaRuvuma:
Wakuu, habari za wakati huu. Mzee wangu ana miaka 63. Alipimwa mafuta kwenye damu, ile kolesteroli mbaya (LDL) ikasoma 4.6 mmol/L, yaani iko juu. Daktari kamwandikia dawa na kumtaka abadilishe ulaji. Tangu hapo kila anayekuja kumjulia hali neno lake ni moja: mpeni soya. Huku Songea soya tunalima wenyewe, gunia lipo ndani, gharama si tatizo. Ninachotaka ni ushuhuda wa waliotumia kisha wakarudi kupima. Ilishuka? Mnapikaje? Na je, kuna aliyeacha dawa akabaki na soya tu? Mzee anang'ang'ania hilo. Naombeni ukweli, maana ni moyo wa mtu.

MamaKimara:
Pole kwa mzee, kaka. Mimi nilikuwa na 4.2, baada ya miezi kadhaa ikawa 3.7. Ila soya niliiweka mahali pa nyama. Kwangu nyama ya ng'ombe ilikuwa karibu kila siku, tena yenye mafuta, ule mchuzi unaong'aa juu. Nikaibakiza Jumapili, siku nyingine ni vipande vya soya, maharage au samaki. Kipindi hichohicho niliacha na chipsi, kwa hiyo siwezi kuipa soya sifa zote.

Mapishi: mimina maji ya moto yenye chumvi kidogo juu ya vipande, viache vivimbe, kisha kamua kwa mkono. Maji ya kwanza hutoka na povu na harufu ya maharage mabichi. Suuza, kamua tena mpaka yatoke safi. Ukiruka hapo, watoto hawagusi. Halafu kitunguu, tangawizi, nyanya, bizari, na mafuta kijiko kimoja.

LisheKwanza:
Nafanya kazi ya lishe, ngoja niweke takwimu. Sifa za soya zilivuma mwaka 1995, James Anderson na wenzake wa Marekani walipojumlisha majaribio 38 wakaona LDL inashuka kwa karibu asilimia 13. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaruhusu vyakula vya soya viandikwe kwamba gramu 25 za protini yake kwa siku, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo ya kugandisha (yale yanayoganda, kama ya nyama), huenda zikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Majaribio yaliyofuata hayakuona makubwa hayo. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2006 kilisema ni asilimia 3 hivi, tena kwa gramu kama 50 za protini. Mwaka 2017 FDA wenyewe wakapendekeza kuifuta ile ruhusa.

Sasa chukua 4.6 ya mzee: asilimia 3 ni kama 0.14 tu. Dawa za kundi la statini hushusha kati ya theluthi na nusu, kutegemea aina na dozi. Faida kubwa ya soya ni hiyo ya MamaKimara: inaondoa nyama ya mafuta kwenye sahani, yenyewe haina kolesteroli, na mafuta yake mengi si ya kugandisha. Gramu 25 unazipata kwenye gramu 70 hivi za punje kavu. Mzee asiache dawa.

Kisauni_Bibi:
Salaam aleikum. Huku Mombasa sisi twaipika soya kwa tui zito. Mume wangu alikula hivyo muda mrefu, kipimo kikabaki palepale. Mtu wa lishe akatuambia mafuta ya nazi karibu yote ni ya kugandisha. Sasa natia tui jepesi, tena siku mojamoja.

Shida_Hana:
Shangazi yangu aliacha vidonge akawa anakunywa chai ya soya asubuhi na jioni. Aliporudi kupima, LDL ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Vijiko viwili vya unga vina protini gramu kama 5 tu, na yeye alikuwa anajaza sukari. Amerudi kwenye dawa, chai anaendelea nayo bila sukari.

Tausi_Mwanza:
Wenye tatizo la tezi la shingo mnaomeza levothyroxine, mwambieni daktari kwanza. Soya hupunguza dawa hiyo kuingia mwilini. Mimi nimeambiwa nitenganishe kwa saa kadhaa.

MwanaRuvuma:
Asanteni sana, nimemsomea mzee yote. Dawa amekubali kuendelea nayo. Dada MamaKimara, sisi tuna punje, si vipande. Hizo je?

MamaKimara:
Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji, sugua maganda yatoke. Chemsha kwa maji mapya mpaka ukiibonyeza kwa vidole ipondeke. Isiliwe nusu mbichi, itamsumbua tumbo. Changanya na maharage ya kawaida nusu kwa nusu, ataizoea haraka. Akipima tena, rudi utuambie.